Nadharia za chuo zifike darasani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe walimu wenzangu wa Ngara na Biharamulo jambo moja. Chuoni tulifundishwa kuanza na analolijua mtoto, ndipo twende kwa asilolijua. Nadharia hiyo si ya kujibia mtihani tu. Mtoto azungumzaye Kihangaza au Kishubi nyumbani asipoelewa "kutoa" ubaoni, apewe maharage kumi, atoe matatu, ahesabu yaliyobaki. Somo la mito lianze na Ruvubu unavyoingia Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, kisha Ziwa Victoria, hatimaye Nile. La sivyo tutawaita watoto wajinga, kumbe ni lugha tu iliyowapita. Vyuo navyo viwapeleke wanachuo kufanya mazoezi katika shule za vijijini.

Mwalimu wa Kijijini,
Ngara, Kagera.