Muktadha wa Dondoo Hili ni Leo

Kila aliyepitia shule ya upili nchini Kenya analijua swali hili: "Eleza muktadha wa dondoo hili. Alama 4." Jibu lina fomula yake. Msemaji ni nani, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini anasema hivyo. Alama moja moja, basi, twende sehemu ya (b).

Mimi ni mwanahabari, na hayo ndiyo maswali manne ninayouliza kazini kila siku. Waziri kasema nini? Kamwambia nani? Akiwa wapi? Kwa nini leo na si wiki jana? Kwa hivyo sina ugomvi na swali lenyewe. Ugomvi wangu ni na ukuta uliojengwa kulizunguka. Tunawafunza vijana kuhoji kila neno la mtawala wa kubuni, halafu tunataka wanyamaze wakimsikia mtawala halisi kwenye taarifa ya saa moja jioni.

Chukua Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, iliyotahiniwa katika KCSE hadi 2022. Majoka anatawala Sagamoyo. Anafunga soko la Chapakazi, anataka Sudi amchongee kinyago cha shujaa, na anayemkosoa anakiona cha mtema kuni. Tunu anaumizwa mguu na wahuni waliotumwa, lakini harudi nyuma. Darasa baada ya darasa lilikariri haya yote. Kisha ikaja Jumanne ya 25 Juni 2024. Vijana wakajaa barabarani kupinga Muswada wa Fedha, baadhi yao wakaingia hadi Bungeni, na wakubwa wakabaki wanaulizana: hawa nao wametoka wapi? Jamani! Wengi walikuwa wametoka juzijuzi tu kwenye madarasa ambamo tuliwaamuru waandike kwamba Tunu ni "jasiri, mzalendo, mwenye msimamo thabiti". Sisemi tamthilia ndiyo iliyowatoa nyumbani. Kodi na ukosefu wa kazi vilitosha. Ninachosema ni kwamba tuliwapa kitabu kile miaka yote hiyo bila kuwauliza hata mara moja wao wenyewe wamekisomaje.

Najua kuna wapenzi wa fasihi watakaonijibu: fasihi si gazeti, usitugeuzie tamthilia kuwa bango la maandamano. Nakubaliana nao nusu. Mwanafunzi anayesema Majoka ni fulani wa Ikulu, kisha akaweka kalamu chini, hajasoma bado. Lakini mwache aendelee. Mwishoni mwa Kigogo, Kingi, mkuu wa polisi, anaamriwa awapige raia risasi. Anakataa. Nje ya Bunge siku ile ya Juni, risasi zilifyatuliwa na watu wakafa. Hapo panapoachana kitabu na habari ndipo jibu la mwanafunzi linapoanza. Kwa nini mwandishi alituletea Kingi? Ni tumaini? Ni onyo kwa polisi wenyewe? Au ni njia ya mkato ya kuumaliza mchezo? Haya ni maswali ya fasihi hasa, ya mhusika na ploti, na mwongozo uliochapishwa kabla ya siku ile hauwezi kumjibia mtu. Lazima afikiri mwenyewe.

Wapo pia wanaosema watoto wasiingizwe kwenye siasa. Hoja hii tuliisikia sana Aprili 2025, wasichana wa Butere walipokwenda Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo wao Echoes of War, unaoonyesha vijana wakiwahoji watawala wao. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Mwandishi wao, Cleophas Malala, aliyewahi kuwa seneta wa Kakamega, alikamatwa kabla ya siku ya kuigiza. Tarehe 10 wasichana wakaingia jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Polisi wakarusha vitoa machozi.

Eti mwanasiasa anawatumia. Haya, tuseme Malala alikuwa na hesabu zake, kwani mwanasiasa asiye nazo ni yupi? Lakini wale walioudhika kwa niaba ya watoto, ni nani kati yao aliyekaa na msichana mmoja akamuuliza: wewe ulipoyasema maneno haya, uliona nini? Wasichana walinyimwa mwelekezi wao, wakaamua wenyewe la kufanya. Kuondoka jukwaani kulikuwa jibu lao, na pengine ndilo jibu pekee walilowahi kutoa bila kuandikiwa na mtu mzima.

Dola haina shida ya kuelewa michezo. Mwaka 1977 iliuzima mchezo wa Ngaahika Ndeenda kule Kamĩrĩĩthũ, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa. Serikali haijawahi kudhani kwamba nchi ya kubuni ni ya kubuni. Anayejifanya hivyo ni mtahini, na mwalimu anamfuata kwa sababu anahofia kazi yake. Simlaumu mwalimu. Nawalaumu waliomwachia uoga huo peke yake.

Mtaala mpya unataja "uwazaji kina" na "uraia" miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Maneno mazuri. Basi tuyapime. Nataka swali moja tu kwenye karatasi ya fasihi: "Chagua tukio moja la karibuni na sehemu moja ya kitabu ulichosoma. Eleza yanapofanana, yanapotofautiana, na maoni yako. Alama 20." Mtauliza, maoni yatasahihishwaje? Kwani insha ya hoja inasahihishwaje? Tunatuza ushahidi na mantiki, hatutuzi upande. Anayeitetea serikali kwa kurasa za kitabu apate alama zake, na anayeipinga kwa hasira bila kurasa azikose.

Wanafunzi sasa wanasoma Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, riwaya inayouchimba ukabila katika siasa, na uchaguzi wa 2027 hauko mbali. Watayasikia majina ya makabila kwenye mikutano ya hadhara kabla hawajamaliza kukariri sifa za wahusika. Tuwaulize wanaonaje sasa, wakiwa na kitabu mkononi na mwalimu mbele yao. Tusipowauliza sisi, atawauliza mwenye kipaza sauti.