Amri ya Usiku na Hesabu Yake

Mwaka 2011, watu wenye silaha walipowateka wageni Kiwayu na Manda wakawavusha kwenda Somalia, hapakuwa na mtu wa kisiwa chetu cha Pate, huku Lamu, aliyekana kwamba dola ina haki, tena ni faradhi juu yake, kuilinda mipaka. Wala hapakuwa na aliyekana hayo Juni 2014, Mpeketoni iliposhambuliwa na roho zaidi ya 60 zikaangamia. Tunaloliuliza ni busara ya njia iliyoshikwa, kwani Julai mwaka huo Lamu nzima iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na kwa miaka kadhaa wavuvi wakakatazwa bahari baada ya jua kuchwa.

Wavuvi wa Faza na Kizingitini hutega nyavu magharibi na kuziinua alfajiri, kwa sababu mchana samaki huziona wakazikwepa. Basi kumwambia mvuvi avue mchana tu ni kumwondolea sehemu kubwa ya riziki, na deni la nyavu na la mafuta ya mashua halimsubiri. Mpeketoni nayo ni mji wa mashamba, ulio bara; basi kuifunga bahari kungeulindaje? Isitoshe, siku mbili tu baada ya msiba Rais Uhuru Kenyatta alisema kuwa ni kazi ya mitandao ya siasa ya humu nchini, hali Al-Shabaab wamekwisha kudai kuwa ni wao. Na serikali ambayo haijamthibitisha adui yake ilikuwa na dalili gani ya kumhukumu mvuvi?

Mvuvi aliye baharini usiku ndiye wa kwanza kukiona chombo kigeni, na kumfungia nyumbani ni sawa na kumfumba macho bawabu kwa hofu ya mwizi. Kifungu cha 24 cha Katiba ya 2010 chataka haki isipunguzwe ila kwa sababu ya maana, na kwanza itazamwe kama ipo njia nyepesi zaidi. Njia hiyo ilikuwapo: kuviandikisha vyombo na mabaharia kwa mkono wa vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe, ambavyo vyamjua kila nahodha kwa jina na ukoo.

Kwa hiyo kila amri ya namna hii na itolewe kwa muda maalumu, sababu zake zielezwe, na muda ukiisha Wizara ya Usalama wa Ndani ilithibitishie Bunge kwamba amri hiyo imezuia shari. Ikishindwa, amri na ifutwe, na waliopoteza riziki yao walipwe fidia.