Kimia cha Damu

Washairi wenzangu, nina ugomvi na neno moja: askari. Katika miaka yangu ya ualimu wa sekondari tuliwaambia wanafunzi kwamba chembe nyeupe za damu ni askari walindao ngome ya mwili. Nami nililitumia. Leo naona linatunyima nusu ya habari, tena nusu iliyo tamu.

Askari hamli adui yake. Chembe hizi humla. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, Ilya Mechnikov alichoma miiba katika viluwiluwi vya kiti cha pweza, vilivyo angavu kama kioo. Kulipokucha akakuta chembe zitembeazo zimeuzingira mwiba. Akakisia kuwa kazi yao ni kumeza kila kigeni, na mwaka 1908 akagawana Tuzo ya Nobel na Paul Ehrlich. Kiti cha pweza! Mtoto wa Tongoni hukiokota kila maji yakupwapo.

Chembe hunusa kijidudu, hukifuata, hukizunguka kwa mwili wake, hukifungia katika kifuko, kisha humwaga humo vimeng'enya na sumu zitokanazo na oksijeni. Ziko ziitwazo neutrofili ambazo, zikizidiwa, hupasuka na kurusha nyuzi za DNA yake yenyewe, bakteria wakanasa. Wanasayansi walilieleza jambo hili mwaka 2004, wakaliita wavu. Mvuvi wa Sahare angesema kimia, maana hurushwa. Na usaha tunaoukamua kwa kinyaa ni, kwa sehemu kubwa, maiti za wavuvi hao.

Shangazi yangu wa Pangani, mwenye kisukari, alificha kidonda cha mguu majuma kadhaa. Kilitoa usaha, naye aliamini usaha ni uchafu wa mtu asiyejitunza. Alipofika hospitali ikabidi kidole kikatwe. Nyumbani mle mlikuwa na kijana wa kidato cha nne aliyelijua somo lote kwa Kiingereza, kwani ndivyo Biolojia ifundishwavyo. Hakuwa na sentensi moja ya Kiswahili ya kumpa bibi yake.

Najua istilahi husanifiwa na BAKITA. Lakini BAKITA hawawezi kusanifu neno ambalo hakuna aliyelitamka, na sisi tungali tunashindana kwa mapenzi na kejeli.

Mimi nimeanza shairi, nimekwama ubeti wa pili. Neutrofili hula mizani 5 kati ya 8 za kipande. Mwenye neno fupi la mwambao anikopeshe.