Mmempeleka Mtoto Zanzibar Kucheza au Kupiga Picha?

Wadau, likizo imeisha, watu wamerudi mjini, na simu zetu bado zimejaa mchanga mweupe wa Nungwi, Kendwa na Paje. Familia za mastaa zimekula bata, sawa, hela ni zao. Majina sitaji, kwa hiyo msianze kunijazia meseji za "ni fulani eeh?" Mnaowajua mnawajua. Leo nataka tumuongelee yule mtoto wa mwaka na nusu aliyewekwa katikati ya picha.

Muangalieni vizuri. Kavaa nyeupe tupu, kofia hadi viatu. Viatu jamani, ufukweni! Baba nyeupe, mama nyeupe, droni inapanda juu, muziki wa taratibu, na chini kumeandikwa "Mfalme wangu na bahari yake". Sasa irudie video polepole. Bahari yake hata hajaigusa. Muda wote kabebwa. Akishushwa ananyakuliwa kabla magoti hayajafika chini, maana nguo itachafuka na jioni kuna picha za sponsa. Akianza kulia, dada anatokea pembeni, anamchukua, anamuwekea katuni kwenye simu.

Hapo ndo nauliza: hii safari ilikuwa ya nani?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa watoto chini ya miaka 5. Mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anatakiwa awe kwenye mwendo, yaani kutembea, kukimbia, kupanda, kuruka, walau dakika 180 kwa siku. Ni saa tatu hizo. Asifungwe kwenye kigari au kiti zaidi ya saa moja mfululizo. Na simu? Wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja, ikipungua ndo bora zaidi. Haya, pigeni hesabu ya siku ya Mfalme. Boti kutoka Dar karibu saa mbili, kapakatwa. Gari hadi kaskazini saa nzima na zaidi, kapakatwa. Kuvalishwa, kupigwa picha, kubadilishwa nguo, kupigwa tena, kiti cha kulia, kigari, katuni, kulala. Dakika 180 hapo mmeziona wapi?

Na msiniambie "ni kazi, ndo tunakula hapo". Naelewa kabisa. Lakini kama hoteli imekupa chumba bure kwa sababu mtoto yupo kwenye picha, basi mtoto ndo yuko kazini. Wewe umeenda likizo, yeye ameenda zamu. Likizo yake lini?

Kinachoniuma ni kwamba mtoto wa umri huo ndo mtu rahisi kuliko wote kumfurahisha. Mpe kikombe cha plastiki kilichopasuka na mchanga, kaa pembeni. Atajaza, atamwaga, atajaza, atamwaga. Wewe utachoka, yeye bado. Anagundua mwenyewe kwamba mchanga mkavu unakimbia vidoleni na mbichi unashikana. Atamfukuza kaa ambaye hatomkamata hata siku moja, na hiyo haimsumbui. Ataanguka mara thelathini kwa sababu mchangani mguu unazama, na kila akiinuka miguu inazidi kujua kazi yake. Hakuna mwalimu anayefundisha haya, na hakuna programu ya simu inayoyaweza.

Tena nenda Paje au Jambiani maji yakiwa yamekupwa. Upande ule wa mashariki bahari inarudi nyuma mbali mpaka unashangaa, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu. Kina mama wa mwani wanashuka na kamba zao, na nyuma yanabaki madimbwi ya maji ya uvuguvugu, ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Kwa mtoto wa miaka miwili ile ni bahari ya saizi yake. Mvalishe kandambili zenye mkanda wa nyuma (huko ndani kuna wale viumbe weusi wa miiba, wanachoma vibaya), mshike mkono, zungukeni humo. Bure kabisa.

Sasa mtu wa kontenti akikuta bahari imekupwa ananuna. Nimemsikia mmoja kwa masikio yangu akilalamika mapokezi kwamba hakuambiwa bahari "itaondoka". Alitaka ya bluu. Yale madimbwi yalikuwa mbele yake, mtoto ananyoosha mikono kuyaelekea, mama anadai arudishiwe hela.

Najua utetezi utakaokuja: "mchanga ni uchafu, mtoto ataumwa, mimi namlinda mwanangu." Mlinde, ndio. Lakini mlinde na kinachoua. Mchanga unaisha bafuni na maji na sabuni. Kinachoua ni maji. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji mafupi sana, tena kimya kimya, hapigi kelele wala hapungi mkono kama kwenye filamu. Dakika chache tu na imeisha. Kwa hiyo mtu mzima anatakiwa awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, macho kwake. Jua nalo si la kuchezea: kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ndo linachoma haswa, mchezo ufanyike asubuhi na jioni, katikati kivulini.

Sasa niambieni, mtu anayerudia video mara ya saba ili mdomo uendane na wimbo, macho yake yako wapi? Mwaka jana, hoteli moja huko huko visiwani, nimeona mama yuko bize na simu kwenye kistendi, baba anashika taa, dada katumwa kuleta wigi. Mtoto katembea zake hadi ukingo wa bwawa la kuogelea, akaingia. Hakuna aliyesikia chochote. Mhudumu aliyekuwa amebeba juisi ndo aliona, akaitupa trei, akaruka na nguo zake. Mtoto alitoka mzima, Mungu mkubwa. Ile video ilipanda usiku uleule, imekatwa vizuri, na mioyo kibao chini yake. Yule mhudumu hayupo hata kwenye sekunde moja.

Na nyie mashabiki msidhani mtapona. Kuna staa mmoja aliwahi kuposti mwanae kajaa matope mpaka kwenye kope, anacheka meno yote manne. Mimi nilisema afadhali, mmoja ana akili. Nikafungua komenti: "mbona mtoto mchafu hivyo", "hana dada huyu?", "pesa zote hizo mtoto kama chokoraa". Kesho yake picha imefutwa. Iliyofuata, nyeupe tupu. Sasa nani kamvalisha yule mtoto viatu ufukweni, mama yake au nyie?

Halafu ugonjwa unahamia kwetu wa kawaida. Vijana wana mtoto mmoja, mshahara wa kubanana, wanachukua mkopo kwenye simu waende "Zenji na familia" siku mbili wakapige zile zile picha. Mtoto wa miaka miwili hajui tofauti ya Kendwa na Kigamboni! Panda pantoni asubuhi, beba maji, mkate na kikombe chako kilichopasuka, mrudi kabla jua halijakaza. Coco Beach ipo. Kwa bibi Morogoro upo uwanja wa udongo na kuku wa kukimbizana nao. Mvua ikinyesha ndo usiseme.

Kwa wanaopenda vitu vya kisheria: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya hapa Tanzania imemuwekea mzazi wajibu wa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na humo humo imetaja haki ya kucheza na kupumzika. Hayo mavazi mmeyatekeleza mpaka mmepitiliza.

Haya, komenti ziko wazi, njooni mnitukane. Wa kuniuliza "kwani wewe una mtoto?" namjibu kabisa: ninao wawili, na huyu mdogo tangu Jumapili bado natoa mchanga masikioni. Picha sina, simu ilibaki kwenye begi.