"Shall" ni Amri, Si Utabiri

Wapo watumishi wa umma, tena wenye elimu ya kutosha, ambao kila wakutanapo na neno "shall" katika sheria za Kiingereza hulifasiri kwa kiambishi "-ta-" bila kusita. Kosa hilo lilianzia darasani. Tangu John Wallis alipochapisha sarufi yake mwaka 1653, wanafunzi wamekaririshwa kwamba "shall" ni wakati ujao wa nafsi ya kwanza na "will" wa nafsi nyingine. Kanuni ambayo Waingereza wenyewe hawaifuati tena katika mazungumzo yao.

Katika sheria neno hilo lina kazi nyingine kabisa. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kinaeleza kwamba aliyepewa jukumu kwa neno "shall" hana budi kulitekeleza, ilhali aliyepewa mamlaka kwa neno "may" aweza kuyatumia au kuyaacha. Hapo ndipo mwananchi hutenganishwa: ama anadai haki yake, ama anaomba hisani.

Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na mahakama, jambo hili limekuwa zito zaidi. "Ofisa atamjibu mlalamikaji katika siku 14." Je, hiyo ni amri au ni habari tu? Ofisa mzembe ataisoma kama utabiri wa hali ya hewa: mvua isiponyesha, hakuna wa kulaumiwa.

Asili ya maneno yenyewe inatoa ushahidi. "Shall" limetokana na neno la kale lenye maana ya kudaiwa. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiingereza, hadi leo huita deni "Schuld". Lakini "-ta-" imetokana na kitenzi "taka", na mabaki yake yangali yanaonekana katika "atakayekuja". Basi mwenzake halisi ni "will", ambalo nalo lilianza kwa maana ya kutaka. Kutaka na kudaiwa ni mambo mawili.

Si kwamba "-ta-" ifutwe. Pale sheria inapounda tume, kuandika kwamba "kutakuwa na tume" kunatosha, kwani tume huzaliwa na maneno hayo hayo. Ila mtu anapopewa kazi, Kiswahili kina "sharti", "lazima" na "hana budi", maneno ambayo hata mtoto aliyetumwa dukani huyaelewa. Afrika Kusini, katika Katiba yake ya mwaka 1996, iliacha "shall" ikaandika "must". Hapa hakuna haja ya kuazima: "Ofisa sharti amjibu mlalamikaji katika siku 14." Siku ya 15 mlalamikaji ana hoja mkononi.