Makumbusho ya Bujora: Kuangalia si Kuabudu

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, wapo wazazi miongoni mwetu, hapa Misungwi na kwingineko Usukumani, wanaosita kuwaruhusu watoto wao kuzuru Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, Kisesa. Hoja zao ni mbili: kwamba makumbusho hayo yamo katika eneo la kanisa, na kwamba baadhi ya vitu vilivyomo vilitumika katika matambiko. Hofu hiyo chimbuko lake ni kuilinda tauhidi, nayo haifai kubezwa. Hata hivyo, yatupasa kuipima kwa elimu.

Makumbusho hayo yalianzishwa na padri David Clement, Mkanada aliyefika Bujora katika miaka ya 1950. Mna ngoma na viti vya enzi vya watemi, zana za wahunzi, vyombo vya nyumbani, na kumbukumbu za vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu. Utemi wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1963. Ngoma zile hazimtawali mtu leo, zinasimulia tu.

Katika Surat Ar-Rum, aya ya 9, Mola wetu anawauliza watu iwapo hawakutembea katika ardhi wakaona mwisho wa waliowatangulia, waliokuwa na nguvu kuliko wao, wakailima ardhi na kuistawisha. Naye Mtume (S.A.W.), alipopita kwenye makazi ya Thamud akielekea Tabuk, aliwaamrisha masahaba wasiingie ila kwa kulia. Hapo tunajifunza kwamba athari za waliopita hutazamwa kwa mazingatio, si kwa kutukuza wala kwa mzaha.

Basi tutenganishe kuangalia na kushiriki. Anayetazama jembe la babu yake hakuabudu kitu. Anayetambika ndiye aliyevuka mpaka. Mzazi na afuatane na mwanawe, amweleze kipi ni ufundi na kipi ni ushirikina, na wakati wa sala ukiingia, wasali.

Aidha, wengi wetu ni Wasukuma. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tujifunze nasaba zetu ili tuunge udugu. Mtoto asiyejua alikotoka babu yake ataungaje udugu?

Lipo na jingine. Uislamu uliingia kanda hii ya Ziwa kwa misafara ya biashara kutoka Pwani kupitia Tabora. Je, ni misikiti mingapi yetu iliyoandika majina ya waasisi wake na walimu wake wa mwanzo? Padri aliyetoka ng'ambo alikusanya ya Wasukuma. Sisi ya kwetu tunayazika pamoja na wazee wetu. Ijumaa hii, baada ya sala, kila familia imwendee mzee mmoja, imuulize, na iandike.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin. Wabillahi Tawfiq.