Faini ya mbuzi isilipwe na watoto



Napenda kutoa maoni yangu kuhusu uchungaji wa mbuzi vijijini, hasa wakati wa mvua ambapo mashamba yana mazao.

Kijijini kwetu ipo sheria ndogo inayomtoza faini mwenye mbuzi walioingia katika shamba la mtu. Naiunga mkono, kwani mwaka jana mbuzi walimaliza kunde na mahindi machanga ya shamba la shule kwa asubuhi moja tu. Lakini nasikitika kusema kwamba faini hiyo sasa inalipwa na watoto. Mzazi anayeogopa kutozwa humwacha mtoto nyumbani achunge. Katika darasa langu la nne wapo wanafunzi ambao tangu mvua zianze huwaona siku mbili tu kwa juma. Nikiwauliza, jibu ni moja: "Mwalimu, nilikuwa na mbuzi."

Wazazi hujitetea kwamba wamejaribu kila njia. Ni kweli mbuzi ni msumbufu. Boma la miiba huliwa na mchwa, na likilegea mahali pamoja wote hupita hapo. Ukimfunga kamba hujizungusha kwenye mti, na akisahauliwa huweza kujinyonga. Tunasema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, lakini kamba isiyohamishwa humshindisha njaa.

Hata hivyo, hapa Kondoa tatizo la mifugo na ardhi si geni. Chini ya mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulioanza mwaka 1973, mifugo iliondolewa mwaka 1979 katika eneo lililoliwa na mmomonyoko wa udongo, na majani na miti ikaota tena. Baadaye baadhi ya wananchi wakaanza kufuga ng'ombe wa maziwa bandani na kuwakatia majani. Wazee wetu waliweza kubadili ufugaji. Sisi tunashindwa nini?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kaya kumi zikusanye mbuzi wao kuwa kundi moja, wachungwe kwa zamu na watu wazima. Hivyo kila kaya itachunga siku moja tu katika siku kumi. Pili, mwenye mbuzi wachache awajengee banda lenye sakafu ya kichanja na kuwakatia majani mpaka mavuno yaishe. Tatu, mkutano mkuu wa kijiji uongeze kifungu katika sheria ndogo: mzazi atakayemchungisha mtoto saa za masomo naye atozwe faini.

Jambo hili linawezekana. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inavipa vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule ya msingi.

Ndugu wananchi, mahindi yakiliwa tutapanda tena msimu ujao. Mtoto aliyekosa kujua kusoma kwa sababu ya mbuzi wetu tutamrudishia nini?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa, Dodoma.